Mtu Aliyesomeka Hayupo

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki cha utafiti, waheshimiwa madaktari, ndugu wauguzi na wafanyakazi, wageni waalikwa, na wewe Dada Muuguzi tunayekuaga leo unapostaafu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya watu waliopimwa katika utafiti wake kuhusu kukaa muda mrefu. Mimi ni mfasiri wa nyaraka. Kazi yangu naifanyia nyumbani, nayo huniweka kitini tangu chai ya asubuhi hadi giza linapoingia. Siku Dada aliponibandika pajani kile kidude kidogo mfano wa kifungo, kinachoonyesha kama mtu amekaa, amesimama au anatembea, nilimtania: "Dada, hapa utapima kiti." Hakucheka. Alinitazama miguu.

Wiki ile nilikuwa na kazi ya haraka, nikakaa. Nani kati yetu asiyejua kukaa? Lakini kuna kukaa kwingine, ndugu zangu, ambako mtu husahau kuwa ana mwili. Mchana mmoja binti yangu aliingia chumbani, akafunga mapazia, akazima taa, akatoka akiimba chinichini. Mimi nilikuwa pale pale mezani. Sikushtuka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: niliona ni sawa tu.

Kidude kilikuwa kikituma habari zangu hapa kituoni kila siku. Kompyuta ikazisoma, isione hata mtikisiko, ikajibu: kifaa hakijavaliwa. Mtaalamu wa takwimu, ambaye yumo humu na ameniruhusu niseme, akashauri, "Huyu amekivua. Tumtoe kwenye hesabu."

Dada akamwambia, "Kabla hatujamtoa mtu, mmoja wetu akamwone." Akabeba mkoba wake, akaja mwenyewe.

Nilimsikia akibisha hodi. Nikamsikia binti yangu akimjibu, "Baba hayupo, ametoka." Nilitaka kuitika, sauti haikuja. Nikatulia, nikingoja kusikia nimekwenda wapi.

"Na chumba anachofanyia kazi?"

"Hakuna mtu, mama. Nimetoka huko sasa hivi."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Alifungua mapazia, akapiga goti, akanishika mguu wa kushoto. Ulikuwa umevimba na kukaza, nami nilimtazama akiubonyeza kama vile ni mguu wa mtu mwingine. "Kaka, unanisikia?" Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Hospitalini walikuta damu imeganda mguuni, na kipande kimeshafika pafuni. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, leo mngekuwa mnamsikiliza mtu mwingine.

Binti yangu yumo ukumbini. Mpaka sasa, akiingia chumba chochote, hata kitupu, huuliza, "Kuna mtu?" Kisha hungoja. Sijawahi kumwambia aache.

Dada, wengine watakusifu kwa tafiti zako, na unastahili. Mimi nakusifu kwa sababu mashine ilisema sipo, mwanangu akasema sipo, mimi mwenyewe nikawa nimeanza kukubali, na wewe ukaja kubisha hodi. Ukishakwenda, nani atabisha?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Sasa naomba tusimame sote kwa heshima yake. Na ukiona jirani yako hainuki, tafadhali, mguse bega.