Marehemu Fundi Nguzo na Taa za Kwenye Kivuko

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea kwa ufupi maisha ya kaka yetu, ambaye ufupi hakuupata popote alipofanya kazi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa seremala, katika nyumba hii hii iliyo kando ya barabara kuu, enzi hizo ikiwa ya vumbi. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akasomea umeme katika chuo cha ufundi, na mwaka 1977 akaajiriwa idara ya taa za barabarani, ambako wenzake walimpa jina la Nguzo kwa kuwa zege likimwagwa hakubanduka mpaka likauke, akisema nguzo ikilala upande, lawama haitalala.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani aliye nasi hapa, wakajaliwa watoto wanne. Tarehe 9 Juni 1994, magharibi, binti yao wa pili aligongwa akafariki kwenye kivuko cha waenda kwa miguu kilicho mbele ya nyumba, na gari halikusimama. Tangu siku hiyo marehemu, aliyewawashia taa watu wa miji mitatu, aliomba taa za kivuko hiki, mganga hajigangi, akaelezwa kwamba upande wa kushoto ni wa ofisi moja, wa kulia ni wa nyingine, na katikati, alipoangukia mtoto, bado panajadiliwa.

Nguzo zilisimikwa mwaka 2009, akazisimamia mwenyewe, taa zikajaribiwa jioni moja, zikawaka zote, zikazimwa kumsubiri mgeni rasmi. Mgeni wa kwanza alihamishwa, wa pili akastaafu, wa tatu cheo chake kikafutwa. Marehemu naye alistaafu mwaka 2017, akapeleka stoo ufunguo wa kisanduku cha umeme, mtunza stoo akaukataa kwa upole, kwani kisanduku kisichozinduliwa hakipo, na kisichopo hakina ufunguo. Akarudi nao, akauning'iniza nyuma ya mlango. Mkewe alimuuliza mara nyingi kwa nini asiwashe tu, yaishe, naye alijibu kwamba kazi ya watu ina utaratibu wake, kisha jioni akatoka na tochi kuvusha watoto wa jirani.

Mwaka jana moyo ulianza kuchoka, akalazwa mwezi huu, na kila aliyemtazama aliulizwa kama mgeni amefika. Jumanne alimwita mkewe karibu, akamwambia, "Mama watoto, ufunguo si unaujua ulipo? Nenda kawashe. Mimi huyu mgeni nimechoka kumngoja."

Shemeji yetu alikwenda nyumbani jioni ile, akachukua ufunguo, akavuka barabara, akafungua kisanduku, akawasha, akarudi hospitali kumweleza. Marehemu aliuliza kama ya mwisho kushoto inapepesa, akaambiwa inapepesa, akasema aliijua, akalala. Alfajiri ya Jumatano hakuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa idara, akiwemo kijana aliyetumwa jana kuuliza ni nani amewasha taa kabla ya uzinduzi, akaishia kutusaidia kupanga viti. Akawaambie waliomtuma kwamba mgeni rasmi alishafika, amekaa mstari wa mbele, amevaa kanga nyeusi, na ufunguo harudishi.

Kaka, umesimama vya kutosha. Pumzika kwa amani.