Maisha ya Verna Niemela Pakenham, Fundi wa Nyaya Aliyejifunza Tiba ya Sindano

Mchungaji wetu, ndugu na jamaa, mliofanya kazi na marehemu katika shirika la umeme, na ninyi wagonjwa wake ambao naona mmejaza viti vya nyuma hadi mlangoni, familia imenipa heshima ya kuwasomea historia ya mpendwa wetu Verna. Jina langu ni Gideon Strand, nimemwoa Aili, mdogo wa marehemu, na kabla sijawa shemeji yake nilikuwa mwanafunzi mwenzake, kwa hiyo sauti ikinikatika mahali naomba mnivumilie.

Verna alizaliwa hapa hapa Astoria, Oregon, tarehe 14 Machi 1957, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Eino Niemela, aliyekuwa mvuvi wa samoni katika mto Columbia, na marehemu Mama Helmi, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kusindika samaki. Alikulia mtaa wa Uniontown, katika nyumba ya mbao iliyokuwa na sauna, chumba cha kuogea mvuke, uani, kati ya majirani waliosemeshana Kifini kutoka dirisha hadi dirisha, na Mama Helmi alikuwa akiwaambia majirani hao kwamba mtoto huyu akipotea wasihangaike kumtafuta chini, watazame juu ya paa.

Alisoma shule ya msingi na sekondari katika mji huu na kuhitimu mwezi Juni 1975, akafanya kazi kiwandani pamoja na mama yake kwa miaka michache, kisha tarehe 7 Mei 1979 akaajiriwa na shirika la umeme kama mwanafunzi wa ufundi wa nyaya, mwanamke wa kwanza katika kikosi chake. Siku ile ya kwanza msimamizi wa kikosi, Bwana Lloyd Halvorsen, alimtazama toka kofia hadi viatu akamwambia, "Binti, jiko liko upande ule." Verna akafunga mkanda wake wa kupandia nguzo, akajibu, "Nimeshaliona. Nenda ukaniletee kahawa basi, mimi napanda." Mzee Halvorsen yuko hapa, ameketi safu ya pili, na ameniagiza nilisome hilo kama lilivyo, nisilipake sukari.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa takatifu na Russell Pakenham, dereva wa basi la shule, ambaye wengi wenu mliopita katika shule za mji huu amewahi kuwafokea mkae chini, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Marit, aliyezaliwa mwaka 1985, na Anders, aliyezaliwa mwaka 1988, pamoja na mjukuu mmoja, Linnea. Alikuwa mama aliyerudi nyumbani amelowa, akabadilisha soksi, akakagua kazi za shule za watoto, na simu ikilia kwamba nyaya zimeanguka alitoka tena bila kunung'unika.

Mwezi Januari 2006, baada ya upepo mkali, Verna akiwa kazini alipigwa begani na tawi la mti lililokatika ghafla. Daktari wa upasuaji alifanya kazi yake vizuri, na familia inamshukuru mpaka leo, mifupa ikaunga, lakini maumivu yaligoma kuondoka, vidole vya mkono wa kulia vikawa vimekufa ganzi, usingizi ukamkimbia, na mwisho wa mwaka huo ikabidi aagane na nyaya. Wanaomfahamu wanaelewa maana ya Verna kukaa ndani ya nyumba bila kazi. Alipanga upya kabati za jikoni kila wiki, akaanza kumwelekeza Russell namna ya kuendesha basi, na kuna asubuhi, Marit alinisimulia, alimkuta mama yake ameketi gereji, amevaa ile kofia yake ya kazi, analia.

Ni Russell aliyesikia habari za Bibi Kwan Siu-fong, tabibu wa Kichina anayetibu kwa kuchoma sindano, mwenye kliniki kule Portland, na akampeleka Verna huko akiwa amekasirika njia nzima, kwa sababu mama huyu ambaye alisimama juu ya nguzo katika mvua na radi alikuwa anaogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Alichomwa akiwa amefumba macho, huku Russell akimsimulia vituko vya watoto wa kwenye basi. Baada ya majuma kadhaa akaanza kulala, kisha akaanza kuhisi baridi ya glasi ya maji katika vidole vyake, na siku hiyo alimuuliza Bibi Kwan kazi hii hujifunzwa na nani. "Mtu yeyote mwenye subira," Bibi Kwan akamjibu, "wewe huna." Verna akasema, "Basi nitajifunza vyote viwili."

Mwezi Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka hamsini, alijiunga na chuo cha tiba ya Kichina huko Portland, ambako Bibi Kwan alikuwa akifundisha, na hapo ndipo mimi nilipokutana naye. Lilikuwa darasa la watu waliotoka kila upande. Mimi nilikuwa nimepiga tarumbeta katika okestra kwa miaka kumi na tisa mpaka taya langu likakataa, Odell Fontaine alikuwa mwoka mikate, Constance Ibarra alikuwa mkaguzi wa hesabu wa benki aliyemuuguza mama yake hadi mwisho na hakuweza tena kurudi mezani kwake, na pia walikuwapo mwanajeshi mstaafu na vijana waliotoka moja kwa moja chuo kikuu, ambao mwanzoni walidhani sisi ni wazazi tuliokuja kuwasindikiza. Siku ya kwanza ya kujichoma wenyewe, kila mmoja na sindano yake na mguu wake, Verna aliitazama sindano ile, akasema "aa", na akaanguka chini pamoja na kiti. Alipozinduka, Mwalimu Kwan alikuwa ameinama juu yake, akamuuliza, "Verna, nguzo zile zote hazikukutisha, leo unatishwa na kitu chembamba kama unywele?" Naye akajibu akiwa bado chini, "Nguzo haijawahi kunichoma, Mwalimu."

Tulicheka, lakini kwake halikuwa jambo la kucheka, kwani ambaye hawezi kushika sindano hawezi kuendelea na masomo, na alijua hivyo. Kwa hiyo akakaa na woga wake kama alivyowahi kukaa na mafunzo ya nyaya, akichoma machungwa kwanza, halafu mto wa pamba, halafu akamwomba Odell amwazime mkono wake, na Odell, mtu mkubwa mwenye roho laini, aliutoa mkono huo kila siku baada ya vipindi, akila mkate kwa mkono wa pili na kumwambia, "Choma dada, huko kuna nyama nyingi, hutafika mfupa." Siku alipochoma nukta ya kwanza ya tiba mwilini bila kutetemeka alitoka nje akampigia Russell simu, akarudi ndani akasema kwamba Russell analia, ingawa sote tuliona aliyekuwa analia ni nani. Na ilipofika zamu ya kujifunza kusikiliza mapigo ya mshipa, Odell akibonyeza kwa vidole gumba vyake vya mwoka mikate, Verna alimlipa fadhila zake kwa kumwambia, "Kaka, taratibu, huo si unga."

Mwezi Machi 2010, tukiwa tumebakiza mwaka mmoja tu, tuliitwa ukumbini tukaambiwa kwamba chuo kinafungwa mwisho wa muhula. Watu walikuwa wameacha kazi, wengine wameuza nyumba, Constance alikuwa amehama upande wa pili wa mji, na mimi nilikuwa nimeuza tarumbeta yangu, nikasimama niende zangu, na kusema kweli sikujua naenda wapi. Verna alinishika koti akasema, "Kaa chini, Gideon. Umeme ukikatika watu hawahami mji. Wanatafuta ulikokatikia."

Akaenda Seattle, kwenye chuo kingine, kuomba darasa letu lipokelewe lote pamoja na masomo tuliyokwisha kuyamaliza, akakataliwa, akaenda tena akakataliwa, na safari iliyofuata alimchukua Mwalimu Kwan na sisi watatu, mimi, Odell na Constance, kwenye gari la Russell. Mkuu wa chuo kile, mama mpole aliyechoka kutuona, alimwambia Verna kwamba yeye ana pensheni yake na bega bovu, akamuuliza kwa nini asipumzike. Verna akamjibu, "Kupumzika nilishajaribu mwaka mzima, mama. Mume wangu ndiye aliyeniomba niache." Mkuu yule alicheka hadi akavua miwani, lakini kicheko hakikutupa nafasi. Kilichotupa nafasi ni kwamba Verna aliomba tupimwe wote, siku ile ile, na walimu wao wenyewe, vitandani, mbele ya wagonjwa, na Mwalimu Kwan akaketi pembeni asiseme neno hata moja. Jioni tulirudi Portland tukiwa tumepokelewa, na yeyote aliyekuwa tayari kusafiri alipokelewa pamoja nasi, na kwa mwaka mzima gari lile lilipanda kwenda Seattle kila Jumatano na kurudi kila Ijumaa, likinuka mikate ya Odell na kujaa kelele za Verna akituuliza maswali ya mtihani huku akiendesha. Tulihitimu tarehe 18 Juni 2011, na mwezi Novemba mwaka huo alipata leseni yake ya jimbo.

Tarehe 2 Aprili 2012 alifungua kliniki yake hapa Astoria, katika chumba kilichokuwa duka la viatu, akipanga viti vikubwa vya kulalia kwa mduara ili watu watibiwe pamoja na wasijione wapweke, na mwaka uliofuata, nilipomwoa Aili na kuhamia hapa, alinipa ufunguo, naye Odell akaja baadaye. Walikuja wavuvi wenye mabega mabovu, wafanyakazi wa kiwandani wenye viganja vilivyokufa ganzi, na akina mama wasiolala. Mtu akija na maumivu ya kifua au uvimbe asiouelewa alimpeleka hospitali kabla hajavua koti, maana alijua sindano inafika wapi na haifiki wapi. Mzee Halvorsen, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akipita mlangoni na kuuliza kwa sauti kama mchawi yupo, siku moja aliingia amepinda kama kulabu, na Verna akamwambia, "Karibu, Lloyd. Jiko liko upande ule." Alimlaza, akamtibu, na mzee alilala usingizi akakoroma hadi wagonjwa wengine wakaomba kuhamishwa. Ijumaa zote zilizofuata alikuwa pale, na ndiye aliyetengeneza kwa mikono yake ile njia ya mteremko ya kuingizia viti vya magurudumu.

Mwezi Novemba 2023 Verna aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alipata matibabu katika hospitali moja huko Portland, akafuata maagizo yote ya madaktari, na kwao hakuwahi kuomba miujiza, wala kwetu. Alichotuomba ni kumpunguzia kichefuchefu na kumsaidia alale, kwa hiyo darasa letu likarudi pamoja, Constance akija kutoka Portland, wengine kutoka Seattle, kwa zamu, kila mmoja na sindano zake, na yeye akiwa kitandani, ngozi na mifupa, aliendelea kutusahihisha, "Odell, umepita kidogo, rudi juu." Alisema kwamba hajawahi kupata matibabu mabaya kama yetu katika maisha yake, na kwamba tusithubutu kuacha.

Alifariki dunia nyumbani kwake siku ya Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, Russell amemshika mkono, Marit, Anders na Aili wakiwa kando yake.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa kitengo cha saratani waliomhudumia kwa upendo, kwa wauguzi waliokuja nyumbani wiki zile za mwisho, kwa majirani wa Uniontown ambao sufuria zao bado ziko kwetu na tutazirudisha, kwa kikosi cha shirika la umeme ambao ndio watakaolibeba jeneza lake leo, na kwa wanafunzi wenzetu wote. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mwalimu Kwan Siu-fong, aliyesafiri leo akiwa na miaka tisini na moja, ambaye ameniomba nisimtaje, na Verna angenigombeza kama ningemtii. Naye Russell ameniomba niseme asante kwa Verna mwenyewe, hakunipa maneno mengine zaidi ya hilo, na nimelisema.

Jumapili moja kabla ya kututoka, marehemu alituita mimi na Odell akatupa agizo, nami nalisoma mbele yenu ili asiwepo wa kubisha, akasema, "Msije mkafunga kliniki kwa ajili yangu. Jumatatu watu wataamka na migongo yao ile ile." Kwa hiyo wale mlio na miadi ya Jumatatu, njooni, tutafungua saa tatu kamili kama kawaida. Nawe Verna, dada yetu, mke, mama, bibi na mwalimu wetu, hii zamu tuachie sisi, na ulale kwa utulivu.