Siku Tuliyopikia Mlango

Asalaam alaykum, ndugu zangu na dada zangu mliorudi. Wiki iliyopita zamu hii ilikuwa yangu nikamwomba mama mwenyekiti wa kikundi chetu ampe mwingine. Akaniambia, "Wewe baba, hata kusimama unakukimbia." Basi leo nimesimama. Sitamtaja mtu kwa jina, na wanaojijua humu ndani wasianze kucheka mapema.

Nimekuja kusema habari ya petroli na habari ya jiko. Mambo yenyewe mpaka leo sijayaelewa yote. Mkiona nakwama katikati, msidhani nimesahau. Hapo ndipo ninapokwama kila siku.

Nilizaliwa Quiterajo. Nikasoma hadi darasa la kumi pale Mocímboa, kisha nikaanza kutembea. Mtwara nimeuza vitambaa, Nampula nimelinda ghala, Pemba nimepaka rangi nyumba za watu. Nikiwa mbali nakumbuka kwetu, nikifika kwetu nakumbuka mbali. Mwishowe nikaoa hapa Palma, nikaingia kwa wakwe kama ilivyo kwetu: nyumba ya mke, kiwanja cha mama mkwe. Halafu ikaja vita. Habari ya kukimbia siisimulii, kila aliyeketi hapa ana yake.

Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama. Mke wangu akaanza tena kukaanga vitumbua. Alikuwa na mtungi mdogo wa gesi, tuliununua pamoja kule tulikokimbilia, na paneli moja ya jua juu ya paa, ya simu na taa mbili. Mimi nikapata pikipiki, mota yangu ile mnayoijua. Asubuhi nabeba abiria kutoka njia panda hadi vijiji vya Tungue, jioni narudi na mfuko wa mkaa. Gesi ya vitumbua, mkaa wa maharage. Hatukuwa na kitu kingi, lakini moto ulikuwepo.

Siku moja abiria akataka kwenda Mocímboa. Nikampeleka, nikamshusha karibu na bandari. Badala ya kugeuza, nikashika njia ya kusini. Kwa nini? Ndugu zangu, mwenye jibu anipe, nitamshukuru. Nilitaka tu kwenda kuangalia.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Askari kijana akanisimamisha.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Quiterajo."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Nikafikiri. Nyumba ya baba niliambiwa iliungua. Baba mwenyewe alifariki kabla ya yote hayo. Majirani wametawanyika. "Kuangalia tu," nikasema.

Akamgeukia mwenzake. "Huyu mtalii." Kisha kwangu, "Geuza, mzee. Njia haijafunguliwa."

Nikageuza. Cha ajabu, nilirudi nimeshiba, kama mtu aliyekula kwao. Siku tatu nilifanya kazi vizuri, nacheka na abiria. Siku ya nne mikono ikaanza kuniwasha kwenye usukani. Nikaenda tena.

"Wewe tena?" akasema yule askari.

"Mimi."

"Bado haijafunguliwa."

"Najua."

Basi. Tangi zima la petroli kwenda kusema maneno mawili na askari na kurudi. Huku nyuma abiria wangu wanatafuta pikipiki nyingine.

Kuna mzee anauza petroli kwa chupa pale njia panda. Nilipoishiwa, nilishusha ile paneli ya jua nikampelekea, akanipa dumu. Nyumbani nikasema paneli imeharibika, iko kwa fundi. Dumu likaisha. Nikachukua mtungi wa gesi, nikasema naupeleka kujazwa, nikauweka rehani kwa mzee yuleyule. Kesho yake narudi mikono mitupu, mke wangu anauliza, "Gesi iko wapi?"

Nikasema, "Gesi imekwisha Palma."

Chekeni, mna haki. Jirani yetu alicheka akashika ukuta. "Shoga, gesi imekwisha Palma? Basi tukaonje na bahari kama bado ina chumvi!" Lakini mke wangu alinitetea. Akasema, "Hii ya mitungi inakuja na lori kutoka mbali. Lori likichelewa, imekwisha." Na ni kweli, ndugu zangu. Watu wanavuka dunia kufuata gesi iliyo chini ya bahari yetu, na sisi mtungi wetu unasubiri lori. Uwongo wangu ulipata mahali pazuri pa kukaa. Nilisimama pale nikisikiliza anavyonitetea, nikaanza kuuamini mwenyewe.

Akahamia kwenye mkaa. Mvua zikakatisha mkaa. Akahamia kwenye vifuu vya nazi, na kwa vifuu huwezi kukaanga vitumbua vya biashara, moto unaruka na kufa. Akaacha kukaanga. Hapo ndipo mama mkwe alipokuja uwanjani na kiti chake, akakaa mbele yangu.

"Mkwe wangu, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi wa Ramadhani ukiandama na jiko hili halina moto wa kufuturisha, utafunga nguo zako kwenye pikipiki yako uende huko unakokwenda kila siku. Kiwanja changu hiki ni kidogo."

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Nawaambia kweli tupu: kwanza kabisa, ndani yangu kuna kitu kilifurahi. Kufukuzwa nako ni safari. Kisha nikamwona mke wangu anapuliza vifuu, machozi ya moshi yanamtoka, na ile furaha ikageuka kitu kingine ambacho sijui nikiite nini. Mtu mwenye akili angekwenda kuukomboa mtungi siku ileile. Mimi kesho yake nilikwenda kusini.

Safari hiyo ilikuwa ya sita. Kulikuwa na watu waliopewa ruhusa kwenda kutazama mashamba yao, na yule askari, nadhani alikwisha kunichoka, akanisukuma nijiunge nao. "Nenda ukaangalie, umalize." Nikafika Quiterajo. Nyumba ya baba ilikuwa sakafu na nyasi. Nilizunguka, nikakaa, nikasimama, sikujua kinachofanywa mahali kama pale. Chini ya udongo wa ukuta ulioanguka nikaona ubao. Ulikuwa mlango wetu wa mninga, umeungua pembe moja, pete yake ya chuma ingalipo. Kwenye pete ile nilikuwa nikining'inia nikiwa mdogo.

Nikaufunga kwenye pikipiki. Pale kizuizini askari akauzunguka mara mbili.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Na huu?"

"Mlango wa kwetu."

"Na nyumba?"

"Haipo."

Akafungua njia.

Mke wangu alipouona alisema, "Nyumba hii ina mlango." Nikautegemeza ukutani, upande wa jikoni. Kila asubuhi nilikuwa nagusisha mkono kwenye ile pete nikitoka, kana kwamba natoka kwetu. Jikoni kwenyewe siingii. Asubuhi moja akaniita nikiwa nimeshawasha pikipiki: "Baba watoto, leo tunapikia nini?" Nikajibu bila kugeuka, "Pikia chochote kilichopo."

Mchana wa siku hiyo nilipitia nyumbani, nikamkuta mgeni uwanjani. Dada mmoja mtumishi wa serikali kutoka kusini mwa nchi, ameshika tableti. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba kuuliza watu wanatumia nini kupikia, wanatumia nini kwa mwanga, wanasafiri kwa chombo gani. Alisema takwimu zinakusanywa nchi nzima ili ijulikane nishati inakwenda wapi. Alikuwa hajui Kiswahili, na mke wangu Kireno hakijui. Nikajitolea kutafsiri, na kifua mbele, msomi wa darasa la kumi.

Akauliza kwa Kireno tunapikia nini. Nikajibu palepale, sikumgeukia mke wangu: "Gesi."

Yule dada akanitazama, akatazama moshi unaotoka jikoni. "Naomba umuulize mama," akasema.

Nikamuuliza. Mke wangu alikuwa anakoroga sufuria, hakuinua macho. "Mwambie mlango."

"Unasema nini wewe?"

"Ulisema chochote kilichopo. Ndicho kilichokuwepo. Mwambie mlango."

Nikaingia jikoni. Mlango wa baba ulikuwa umepasuliwa vipande, vimepangwa vizuri kama anavyopanga kila kitu, na moto ulikuwa mkubwa, mtulivu, moto wa mninga. Huku nje yule dada anaita, "Bwana, mama amesemaje?"

Nikatoka nikamwambia. Akatafuta kwenye tableti. Kulikuwa na kuni, mkaa, gesi, umeme, mafuta ya taa. "Mlango haumo," akasema kwa upole. "Niandike kuni?"

"Andika kuni."

Kisha akauliza habari ya usafiri. Petroli kiasi gani kwa wiki? Nikataja lita, na mke wangu, mtu wa biashara, namba za Kireno anazijua kutoka sokoni. Nikamwona anasimama na mwiko mkononi. Dada akaendelea: hizo ni za kazi, sokoni, shule, hospitali, au nyingine?

"Nyingine."

"Nyingine kama ipi?"

Nikatafuta neno la Kireno, nikatafuta la Kiswahili. Likaja lilelile tu. "Kuangalia."

Mke wangu akasema, polepole, na hiyo sikuitafsiri: "Lita zote hizo. Na mimi nakosa moto wa kukaangia kitumbua."

Yule dada aliaga akaenda nyumba ya pili. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha jiko. Nilitegemea hasira, haikuja. Nilitegemea machozi, hayakuja. Mke wangu alikuwa na unga kidogo uliobaki, na kwa kuwa moto ulikuwa mzuri, akakaanga vitumbua sita, akanipa viwili. Nikavila. Ndugu zangu, nimezunguka barabara zote zile nikimtafuta baba yangu, na siku ile mlango wake ulinilisha. Sijui kama nasema sawasawa. Ndivyo nilivyohisi, halafu sikuhisi tena kitu.

Kisha nikamwambia yote: paneli, mtungi, kizuizi, askari, safari sita. Akauliza swali moja tu. "Kwa hiyo gesi haikuwa imekwisha?" Nikasema haikuwa imekwisha. Akanigeuzia mgongo, na aliniacha hivyo siku nyingi.

Siku ileile nilikwenda kwa yule mzee wa njia panda. Nilitegemea mtungi umeshauzwa. Akautoa nyuma ya madumu, amefuta hata vumbi. "Nani atauza mtungi wa mwanamke anayenikaangia kifungua kinywa?" akasema. "Mwezi mzima nakunywa chai tupu kwa sababu yako." Tukakubaliana nimbebee madumu yake hadi deni liishe, na nikayabeba. Paneli ilikuwa imeshakwenda, hiyo sikuipata.

Tangu hapo petroli anaitunza mke wangu, nje, mbali na moto. Kila asubuhi ananipimia ya Tungue, ya kwenda na kurudi. Wenzangu wa njia panda wananitania, "Leo mama amekuchotea vikombe vingapi?" Nawajibu, vya kutosha kurudi.

Na mwezi ulipoandama, mama mkwe alikuja, akapita mbele yangu bila salamu, akaingia jikoni. Mtungi ulikuwa unawaka, uji wa futari uko juu. Akaufunika uji, akatoka. "Haya," akasema, "kaa."

Nawashukuru. Mzee wa petroli, uko hapo nyuma, usijifiche. Mama mkwe, aliyenipa muda badala ya kunipa fimbo. Yule askari, popote alipo. Yule dada wa tableti, aliyesema nimuulize mama. Na ninyi kikundi hiki, mlionisikiliza nilipokuja mara ya kwanza, hamkuniuliza nilikuwa naangalia nini. Mmoja wenu alisema tu, "Mimi pia huenda, lakini nafumba macho tu, safari hiyo haili petroli." Nilicheka siku hiyo, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mke wangu simshukuru hapa. Namshukuru jikoni.

Mtanidai funzo. Ninalo dogo. Usiku au mchana, moyo ukikuvuta kwenda, ingia kwanza jikoni kwako uulize, "Leo tunapikia nini?" Ukiuliza, subiri jibu, na usiwashe injini kabla hujalisikia. Huko makao makuu, katika hesabu za nchi nzima, kuna nyumba moja imeandikwa kuni. Mimi, mke wangu na yule dada ndio tunaojua kuni zile zilikuwa nini, na sasa mnajua ninyi.

Ile pete ya chuma haikuungua. Mke wangu aliiokota kwenye majivu, akaipigilia ukutani jikoni, anatundikia mwiko wa vitumbua. Nikitaka kuangalia kwetu, naingia pale. Bado kuna siku nikifika njia panda mkono unataka kukata kusini, sitawadanganya. Leo pikipiki nimeiacha nyumbani. Nimekuja kwa miguu.