Joho la Marehemu Anatoli Mwandu

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Ipililo, na ninyi mliotoka Bariadi, Lalago na Sola kuja kutuzikia: wasifu huu unasomwa na Veronica, dada wa marehemu, kwa sababu marehemu alikataza usisomwe na mtu mwingine. Alichagua mwenyewe yatakayosemwa. Kaka yetu mkubwa Novatus ameomba yafupishwe kwa ajili ya jua. Hayatafupishwa.

Marehemu Anatoli Mwandu alizaliwa tarehe 3 Mei 1955 hapa Ipililo, Wilaya ya Maswa, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwandu na marehemu Mama Shida. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na Novatus. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, Novatus alikimbia na Anatoli alibaki kuchapwa, kwa kuwa hakupenda kumwacha ng'ombe peke yake. Mama alicheka kila alipoisimulia hadithi hiyo, na Anatoli alicheka pia, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari mjini Shinyanga, akamaliza kidato cha sita, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akawa karani wa pamba. Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu Dar es Salaam, akahitimu shahada ya biashara Agosti 1987. Enzi hizo Serikali ilimgharamia kila kitu, hadi sabuni ya kufulia. Joho la mahafali lilikuwa la kurudisha, naye alitaka mama yake alione, basi akaenda kwa fundi cherehani akashonesha la kwake. Alifika Ipililo ngoma za mavuno zimepamba moto. Ndipo alipofanya kosa ambalo msomi wa Kisukuma tu ndiye angelifanya: alivaa joho na kofia yake bapa, akaenda nalo uwanjani, katikati ya mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma. Watu walimshangilia. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lakini manju, mtunzi wa nyimbo za ngoma, naye alikuwepo, na manju akishakuona uwanjani hakusahau.

Alikuwa amefunga ndoa na Benedikta tarehe 12 Desemba 1981. Mungu aliwajalia watoto watatu, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, akabaki Kwandu, aliyezaliwa mwaka 1985. Marehemu alimwita binti yake "mayu", yaani mama, na hakuwahi kumwita vinginevyo hata alipokuwa amekasirika.

Kazi yake ilikuwa ofisa masoko wa chama cha ushirika huko Bariadi. Aliipenda, na alivaa tai hata msimu wa vumbi. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi binafsi waliingia kila kijiji, ushirika ukalegea, na mwaka uliofuata Anatoli akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani kushika jembe. Novatus, aliyeishia darasa la saba, alikuwa tayari mnunuzi wa kampuni, ana pikipiki na nyumba ya bati. Tuseme ukweli, hakuwa na njaa.

"Njoo unishikie mizani, bwana shahada," Novatus alimwambia mbele ya wakulima. "Ukizoea nitakununulia kofia nyingine."

"Mizani yako naijua," Anatoli akamjibu. "Sitaki nionekane karibu nayo."

Julai 1996, siku ya ngoma, alitokea mchezaji aliyevaa gunia la pamba lililopakwa masizi, na kichwani kipande cha boksi la sabuni. Alilima uwanja mtupu huku akipangusa miwani isiyokuwepo, na manju akaimba kwamba kuna mtu alikwenda Dar es Salaam kutafuta akili akarudi na shuka jeusi. Uwanja mzima uliangua kicheko. Manju alikuwa amepewa dume la ng'ombe kwa kazi hiyo, na aliyelitoa ni Novatus. Kaka, usiangalie pembeni, kila mtu hapa anajua.

Kwandu alikuwa amesimama na baba yake. "Baba, wanamcheka nani?"

"Wananicheka mimi, mayu. Watazame vizuri, uwakumbuke."

Wimbo ule uliingia majumbani. Wazazi waliutumia kuwatoa watoto shule. Marcelo, mtoto wa Novatus, alitolewa kidato cha pili akanunue pamba huku analia. Marehemu hakuwa mtu wa kusamehe, na dada yake hatasimama mbele ya jeneza kumsingizia wema huo. Alisema waziwazi kwamba kilichomuuma si kupoteza kazi, maana wengi walipoteza. Kilichomuuma ni ndugu wa tumbo moja kumfanya kichekesho mbele ya mtoto wake.

Kwandu alipofika kidato cha tano aliuliza swali ambalo vijana wengi waliokaa hapa wanajiuliza. "Baba, nisome ili iweje? Wewe umesoma, na tunalima kama wengine."

"Sikudanganyi, mayu. Shahada haikunilinda, na yako huenda isikulinde. Siku hizi hata sabuni utajinunulia mwenyewe. Lakini kule nilikaa miaka mitatu nikifikiri mambo ambayo hakuna mtu wa Ipililo aliyenichagulia. Nataka na wewe ukae." Kisha akaongeza, "Na nataka Novatus akuone na joho." Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka jana, 2003. Kwandu alimaliza kidato cha sita baba yake akiwa kitandani, na akapata nafasi Chuo Kikuu. Novatus alikuja kumwona mgonjwa, akaketi, akasema, "Kidato cha sita kwa msichana kinatosha. Ukiondoka, baba yake ni mimi. Wenye ng'ombe wa mahari nimeshazungumza nao."

"Nimekusikia," Anatoli alisema, akageukia ukutani. Novatus alipotoka, Benedikta alitumwa kumwita Veronica aandike yatakayosemwa leo. Marehemu alifariki hospitalini Bariadi alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Septemba 2004.

Jana katika kikao cha ukoo, Novatus alichungulia zizi la marehemu, akatangaza kwamba msomi hakuacha kitu cha kumpeleka mtoto chuo, na kwamba kiinua mgongo chake alikila. Kwa agizo la marehemu, Mzee Mihayo wa Sola, Mama Philomena wa Lalago na Mzee Luhende wa Bariadi wasimame hapo walipo.

Ahsanteni. Watazameni. Desturi yetu ya kulaza ng'ombe kwa rafiki, akawatunza na kunywa maziwa, wote mnaijua. Anatoli alinunua mitamba kwa kiinua mgongo chake chote, akawalaza kwa hawa watatu mwezi uleule aliochekwa, na akaacha zizi lake wazi ili ndugu yake aendelee kulicheka. Wamezaana. Ni wa chuo cha Kwandu, na walikabidhiwa kwake marehemu akiwa hai, Padri na mwenyekiti wa kijiji wakisikia. Mahari iliyozungumzwa irudi ilikotoka. Wabeja, yaani ahsante, kaka Novatus, kwa kutoyachunguza maisha ya mdogo wako.

Marehemu ameacha mjane, Benedikta, binti, Kwandu, dada, Veronica, na kaka, Novatus Mwandu, ambaye marehemu aliagiza atajwe kwa jina kamili.

Neno la mwisho. Asubuhi hii Novatus alisema, "Azikwe na joho lake, mambo ya joho yaishe." Joho halimo humu ndani ya jeneza. Kwandu amelikunja kwenye begi lake, na Alhamisi anapanda basi la Dar es Salaam. Mungu ampumzishe Anatoli kwa amani. Novatus na akae macho, amsubiri Kwandu arudi amelivaa.