Sajini Mativo na Daraja la Sheria Tatu

Marehemu Sajini Patrobas Mativo alizaliwa Makongeni tarehe 14 Mei 1944, mtoto wa pili wa hayati Mzee Nyamai wa reli na Mama Rispa. Mimi ni Koki, dada yake, na sikukubali mtu mwingine amsomee wasifu wake.

Alisoma papa hapa mtaani hadi darasa la nane, mwaka wa 1960. Aliingia jeshini 1965, akawa karani.

Mwaka wa 1971 alimwoa Mbeti, tukala na kucheza ukumbini Kaloleni. Majirani mnakumbuka vita vya mfereji wa maji: mstari mmoja ulipanga zamu kwa ndoo, mwingine kwa watu, na kina mama wakigombana kila asubuhi. "Mkiendelea hivi mtaoga Krismasi," Mativo aliwatania. Akawakalisha chini, wakainuka na kanuni moja.

Septemba 1981 alipelekwa ng'ambo pamoja na kikosi cha amani cha nchi tatu rafiki. Rafiki, ati! Daraja walilinda moja, sheria zikawa tatu. Wanajeshi wa nchi ya kwanza waliruhusiwa kufyatua risasi kuwalinda wanakijiji. Wa pili, kujilinda wao wenyewe tu. Wetu walitakiwa kwanza kupiga simu makao makuu na kungoja jibu. Mativo alizipanga sheria hizo sambamba katika daftari lake, akawaandikia wakubwa mara mbili kwamba kwa mpango huu watu watakufa. Akajibiwa: "Karani, piga taipu." Basi!

Tarehe 9 Machi 1982 watu wenye bunduki waliwavamia wanakijiji pale darajani. Wa kwanza wakafyatua, wa pili wakarudi nyuma, wetu wakashika simu. Mativo alitoka kubeba majeruhi, akapigwa risasi tumboni. Aliteseka hospitalini miezi mitatu, akafariki tarehe 11 Juni, Mbeti akiwa amemshika mkono.

Jana afande mmoja kutoka jeshini alituletea ratiba ya mazishi, imeandikwa "alifariki kwa ajali."

"Ajali gani, afande?" nikamuuliza.

"Dada, watu wataelewa vibaya."

"Wataelewa vizuri sana, ndiyo maana unatoka jasho!"

Akaomba apewe daftari. Hata chai hakupewa.

Marehemu amewaacha mama yetu Rispa, mjane Mbeti, watoto Nyamai na Jecinta, nami dada yake.

Kaka, lala kwa amani, kazi yako uliifanya. Nawe afande uliyeketi safu ya mbele, usiinuke. Daftari ninalo mkononi, na jeneza haliteremshwi mpaka nilisome lote.