Kocha Aliyefutwa Manyatta

Kwenye tuktuk ya Mamboleo nilibanwa katikati ya jezi mbili za timu moja ya Uingereza. Kulia alikaa Achola, mwenyekiti wa mashabiki wake tawi la Manyatta. Kushoto alikaa Milka, muuza omena, mwenye hasira kuliko wachezaji wenyewe.

“Mwenyekiti, Jumapili tulipiga kura, kumi na tisa kwa mbili. Huyo kocha tulimfuta! Anapanga mabeki sita kama mtu anachunga mahindi. Mbona jana nimemwona kwa TV akifundisha?”

“Mama, barua tuliandika. Shida ni muhuri. Iko na katibu wetu, Waswa, na yeye ameenda matanga Busia.”

“Kwa hivyo anaendelea juu ya muhuri?”

“Bila muhuri hiyo ni karatasi tu. Mzungu anaweza kutupeleka kotini.”

Nilitaka kuuliza kama kocha mwenyewe alialikwa mkutanoni, lakini mimi si mwanachama.

Tuktuk ikasimama. Milka akashuka na beseni lake, kisha akageuka. “Na Jumamosi timu itapangwa na nani?”

“Ataipanga yeye,” Achola akasema. “Lakini ajue ni kaimu.”