Bunduki ya Mwisho ya Bi Mwamvua

Bi Mwamvua Haroub alistaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ghala la silaha la kampuni yetu ya ulinzi, hapa Chukwani. Nnaeandika ni mimi Makungu, fundi wa kukata chuma. Walitaka aandike Ummy wa ofisini kwa kuwa kasoma. Kasoma, sawa, lakini hajapata kukata bunduki hata moja. Mimi nshakata mia mbili na kumi na moja, na zote Bi Mwamvua kasimama pembeni.

Alianza kwa kufagia. Ufunguo alipewa baada ya miaka minne, kwa sababu kila mwanamme aliyepewa kabla yake aliupoteza.

Zamani bunduki mbovu zikitupwa baharini, upande wa Paje. Wakubwa wakaona yamekwisha. Bi Mayasa, mkulima wa mwani, akakanyaga mtutu maji yalipokupwa, akaufunga kwenye kanga, akaja nao mpaka hapa kuuliza mwenyewe nani.

Wakageuza, wakaziuza nzima nzima kama vyuma chakavu. Moja ikatengenezwa. Yussuf, mlinzi wetu wa Michenzani, akapigwa risasi ya goti na majambazi kwa bunduki ile ile aliyoirejesha ghalani mwenyewe kuwa haifanyi kazi. Goti lake halikunjiki mpaka leo.

Hapo Bi Mwamvua akaweka utaratibu wake, na nani angembishia? Namba isomwe kwa sauti, shahidi aitikie, mtutu ukatwe mara tatu, na pale risasi inapokaa papasuliwe. Mimi sikosei kazi. Lakini siku moja nilikata mitutu tu nikakaa kunywa chai. Akaniondolea kikombe mkononi, akanionesha nilichobakisha. Nilinuna siku tatu. Alikuwa na haki, na hili naliandika mara moja tu.

Sasa nije kwenye aibu. Siku ya kumuaga, meneja wetu, Bwana Himid, alimzawadia bunduki mbovu, imepakwa vanishi, imepigiliwa kwenye ubao wenye jina lake kwa rangi ya dhahabu. Nzima! Watu wakapiga makofi. Yussuf hakupiga. Mtu kahangaika miaka yote hiyo zisirudi mitaani, nyinyi mnampa moja akaitundike sebuleni, mwizi aione dirishani. Hivi mlikuwa mkifikiri anafanya kazi gani humu?

Mwenyewe alishukuru kwa adabu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu Himid, ufunguo bado ninao mimi, na namba hii haijasomwa."

Meneja akajitetea kuwa ni pambo tu, imeshakufa hiyo. Bi Mwamvua aliibandua, akaisoma namba mbele ya wageni. Yussuf akaitikia, "Nimesikia." Nikawasha gesi yangu pale uani nikaikata, mtutu mara tatu, na pale pa kukaa risasi pia. Kanzu yangu ya Idi imetoboka mkono. Sijutii.

Ndipo akautoa ufunguo, akamkabidhi atakayeshika ghala baada yake.

Bi Mwamvua, ahsante kwa kutulinda na ujinga wetu. Ubao wako utundike. Hauna kitu ila jina lako na matundu ya misumari. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mzuri na wajukuu wasikivu. Na huyo aliyepokea ufunguo ajue: mimi bado sijastaafu.